Betri ya Usiku Kucha: Maswali ya Wenye Darubini

Tangu kiangazi kianze, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nichukue betri gani ili vifaa vya darubini visizime kabla ya alfajiri? Kabla ya majibu, tukubaliane maneno. Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wa umeme unaopita. Volti mara ampea ni wati. Wati mara saa ni wati-saa, na hicho ndicho kipimo cha kununulia betri. Ile Ah iliyoandikwa ubavuni, yaani ampea-saa, haikuambii kitu mpaka uizidishe kwa volti zake.

Ndugu wahariri, nina darubini ya sentimita 20 juu ya stendi yenye mota, kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi, kamera ndogo ya kuongoza (ile inayoisaidia stendi isiiache nyota), kompyuta ndogo inayoendesha kazi yote, na mikanda miwili ya kuzuia umande. Nataka kupiga picha za Kilimia usiku mzima. Nilinunua betri kavu ya 12V 7Ah, ile ya kwenye UPS na kengele za wezi. Niliwasha saa moja na nusu usiku, na saa tatu na robo kila kitu kikazima. Muuzaji anasema niongeze ya pili. Zitatosha? (Msomaji, Arusha)

Mbili hazitatosha, na hata nne zingekufia kabla ya adhana ya alfajiri. Tupige hesabu pamoja, kwa kuwa vifaa vyako ndivyo walivyo navyo wasomaji wengi.

Stendi inapofuata nyota taratibu hula wati 7 au 8. Ikigeuka kwa kasi kwenda nyota nyingine hupanda hadi wati 24 na zaidi, lakini kwa muda mfupi, kwa hiyo kwenye jumla ya usiku haihesabiki. (Itakusumbua kwa njia nyingine; soma jibu la Tanga hapa chini.) Kamera yako ikilishwa kwa waya kupitia betri bandia, wati 5. Kamera ya kuongoza, wati 2. Kompyuta ndogo, wati 8. Mkanda wa umande wa darubini kubwa ukiwa wazi kabisa hufika wati 20. Ukiwa na kidhibiti na kuuweka nusu, wati 10. Mkanda wa darubini ndogo inayobeba kamera ya kuongoza, wati 3. Jumla ni wati 36.

Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati moja: usiku wetu haupishani sana mwaka mzima. Giza kamili hudumu kama saa 9 na nusu. Ongeza nusu saa ya kupanga na kulenga, upate 10. Wati 36 mara saa 10 ni wati-saa 360. Ongeza robo yake kwa ajili ya upotevu wa kwenye waya, baridi, na uzee wa betri: 450.

Sasa angalia ulichonunua. 12V mara 7Ah ni wati-saa 84 kwenye karatasi. Na hiyo 7Ah hupimwa kwa kuitoa umeme polepole kwa saa 20, yaani ampea 0.35. Wewe unavuta ampea 3, karibu mara tisa ya hapo. Betri ya risasi na asidi ikivutwa kwa nguvu hutoa kidogo kuliko ilivyoandikwa, kwa hiyo unapata 5Ah hivi, na unapata hata hizo kwa kuikamua hadi mwisho, jambo linaloiua. Saa moja na dakika arobaini na tano ulizopata ndizo ilizostahili kukupa.

Ukichagua lithiamu ya aina ya LiFePO4, gawa 450 kwa 12.8, ambazo ndizo volti zake za kawaida. Unapata 35Ah. Nunua ya 50Ah. Ya 40Ah ingefaa leo, lakini baada ya miaka kadhaa ya kazi ungejuta. Ya 50Ah ina kilo 5 au 6, unaibeba kwa mkono mmoja. Ukichagua betri kavu ya risasi, gawa 450 kwa 12, upate 37.5Ah, kisha zidisha mara mbili kwa sababu hupaswi kuishusha chini ya nusu. Unafika 75Ah, na dukani hiyo ni 80 au 100Ah yenye kilo 25 hadi 30. Bei ya kununulia ni ndogo, ila ukiihesabu kwa idadi ya usiku itakaokupa, lithiamu inaishinda: watengenezaji huiandikia mizunguko 2,000 na zaidi, ilhali ya risasi ikishushwa hadi nusu kila mara huishia mamia machache.

Namba zetu ni za kukadiria. Kabla ya kulipa, nunua mita ya wati ya DC, yaani ya umeme wa betri, ile ndogo yenye kioo inayochomekwa kati ya betri na vifaa. Wanaorusha ndege ndogo za kuchezea na mafundi wa sola wanazo. Washa vifaa vyote nyumbani kwa saa moja na usome wati-saa zilizotumika. Zidisha kwa kumi. Namba hiyo ina thamani kuliko kila kilichoandikwa katika safu hii.

Mita hiyo usiichomoe tena, kwa sababu ukiwa na LiFePO4 mita ya volti itakudanganya. Kutoka robo tatu ya chaji hadi robo, volti hucheza tu kati ya 13.2 na 12.9 hivi. Halafu mwishoni huanguka ghafla, na bodi ya ulinzi iliyomo ndani hukata umeme bila kupiga hodi. Kinachokuonya ni kuhesabu wati-saa zilizotoka.

Betri yangu ni mpya, 12V, imejaa. Stendi inafuata nyota vizuri, lakini nikiiamuru igeuke kwenda nyota nyingine taa yake inapepesa, inajizima na kujiwasha, na mpangilio wote wa nyota unapotea. Fundi amebadilisha betri mara mbili na tatizo liko palepale. (Msomaji, Tanga)

Betri zako zilionewa. Mwizi ni waya.

Stendi nyingi za namna hii huhitaji kati ya volti 11 na 16, na volti hizo ni zile zinazofika kwenye tundu la stendi yenyewe, si zilizopo kwenye betri. Tuseme umetumia waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba, mita 5. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10 za shaba, zenye ukinzani wa omu 0.23 hivi. Stendi inapogeuza mota zote mbili na mikanda ya umande ikiwa imewaka, unavuta ampea 5. Zidisha: volti 1.15 zimepotea njiani. Betri ya risasi iliyojaa vizuri, ikibebeshwa mzigo, husimama kwenye 12.3, na ikifika usiku wa manane ni 12.0. Stendi inapata 10.85, inajizima, mota inaacha kuvuta, volti zinapanda, stendi inajiwasha. Huko ndiko kupepesa unakokuona.

Badilisha uweke waya wa milimita 2.5 za mraba na ukate mita 2 tu: upotevu unashuka hadi volti 0.14. Sogeza betri chini ya miguu ya stendi badala ya kuiacha kwenye gari. Uzito wake pale chini unasaidia pia upepo usitikise darubini.

Unaponunua waya, kwangua ncha kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa. Ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba halisi, na ncha zake hukatika upesi. Mwachie muuzaji.

Baada ya waya, shuku plagi. Ile ya tundu la kuwashia sigara la gari ilibuniwa kwa koili ya moto, nayo hushikwa na springi tu. Ikitikisika kidogo mguso unalegea. Ikate. Funga pete za kubana moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, na upande wa pili weka plagi zinazoshikana imara kama XT60 au Anderson. Halafu angalia ile plagi ndogo ya mviringo inayoingia kwenye stendi. Nyingi zina kipenyo cha nje cha milimita 5.5, lakini tundu la katikati ni 2.1 kwa baadhi na 2.5 kwa nyingine. Ya 2.5 huingia kwenye stendi ya 2.1 bila kulalamika, kisha hucheza ndani, na stendi ikigeuka waya ukavutwa kidogo tu, umeme umekatika. Hakikisha pia katikati ni chanya kabla ya kuwasha. Wengine wamechoma bodi ya stendi kwa plagi iliyouzwa na nyaya zilizogeuzwa.

Mikanda ya umande ipe waya wake kutoka kwenye betri. Kidhibiti chake huwasha na kuzima mara nyingi kwa sekunde, na ikichangia waya mmoja na stendi, volti za stendi zinayumba pamoja nayo.

Fyuzi ni lazima. Weka ya ampea 10 kwenye waya wa chanya, sentimita 15 au 20 kutoka kichwa cha betri, si upande wa darubini. Fyuzi inalinda waya, na waya huanzia kwenye betri. Lithiamu ya 50Ah ikipigwa shoti bila fyuzi hutoa umeme wa kutosha kuyeyusha waya mkononi mwako kabla bodi ya ulinzi haijaamka.

Kupima matengenezo yako, shika multimita kwenye ncha ya stendi wakati mwenzio anaiamuru igeuke. Ikibaki juu ya 11.8, umemaliza.

Shikamooni wahariri. Mjomba ana duka la vipuri na ananipa betri ya gari N70 kwa bei ya ndugu. Anasema betri ni betri. Nichukue? (Kijana wa chuo, Mwanza)

Marahaba. Mshukuru mjomba, lakini usiichukue kwa kazi hii.

Betri ya gari imetengenezwa kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache, kisha kujazwa tena papo hapo na gari. Ndani ina bamba nyingi nyembamba za risasi. Ukiishusha hadi nusu kila usiku, bamba hizo humomonyoka, unga wake hushuka chini, na baada ya miezi michache hivi 70Ah yako ni 30 au chini ya hapo. Betri iliyoandikwa kuwa ni ya sola au ya kushushwa sana ina bamba nene. Tena N70 nyingi ni betri za maji: ikilala kwenye buti la gari asidi inamwagika, na inapochajiwa hutoa haidrojeni. Usiichaji chumba unacholala.

Ikiwa mfuko hauruhusu lithiamu, mwombe mjomba akutafutie betri kavu ya sola, AGM au jeli, ya 80Ah. Itunze hivi. Ikitulia saa chache bila mzigo, 12.7 ni kujaa na 12.2 ni nusu; usiku, ikiwa na mzigo mdogo, acha kazi ikifika 12.0. Siku iliyofuata ichaji, usingoje wikendi, kwa sababu salfeti inayojijenga juu ya bamba hugeuka fuwele ngumu zisizorudi tena kuwa umeme. Chaja ya ampea 8 yenye hatua, inayopanda hadi volti 14.4 kisha kushuka 13.6, itahitaji usiku mzima. Betri ya risasi husinyaa zaidi kwa kuachwa nusu kuliko kwa kutumika.

Na kama utanunua lithiamu ya bei ya kutupa, ipime kwenye mizani kwanza. LiFePO4 ya kweli ya 100Ah ina kilo 10 hadi 13. Inayodai 100Ah ikiwa na kilo 5 imejazwa seli kuukuu au hewa. Kipimo cha pili: ijaze kabisa, ifunge na balbu ya taa kubwa ya gari kupitia ile mita ya wati, iache mpaka ijikate. Betri ya 50Ah ikitoa wati-saa 600 na zaidi, muuzaji ni mkweli. Usihesabu kwa wati zilizoandikwa kwenye balbu. Mita ndiyo shahidi.

Assalaam alaykum. Nilinunua lile sanduku la umeme la kubeba lenye tundu la 230V, limeandikwa 500Wh. Laptopu yangu inakula wati 40 tu, lakini halifikishi hata saa 10. Na usiku ninapotumia stendi peke yake, sanduku linajizima lenyewe likiwa bado na chaji nyingi. (Msomaji, Muscat)

Waalaykum salaam. Ni matatizo mawili yasiyohusiana.

La kwanza ni inveta. Kuzalisha 230V kutoka kwenye betri hupoteza asilimia 10 hadi 15, na inveta yenyewe hula wati 10 hivi kwa kuwa macho tu, hata kama hujachomeka kitu. Usiku mzima hizo ni wati-saa 100, sehemu ya tano ya sanduku lako, zimekwenda kuendesha feni. Kisha chaja ya laptopu inachukua 230V na kuirudisha kuwa volti 19 au 20, ikipoteza nyingine. Unauza ng'ombe kununua maziwa. Zima inveta kabisa. Kama laptopu inachajiwa kwa USB-C, ichomeke kwenye tundu la USB-C la sanduku. Kama haichajiwi hivyo, nunua kibadilishi cha kupandisha 12V hadi 19V chenye wati 90. Bora kuliko yote ni kuacha laptopu nyumbani na kuweka kompyuta ndogo ya wati 8 juu ya darubini, ukiiendesha kwa simu kupitia Wi-Fi.

La pili ni hila ya kuokoa chaji. Masanduku mengi hukata tundu la 12V yakiona mzigo mdogo kwa muda fulani, yakidhani umesahau. Stendi yako peke yake ni wati 7. Fungua menyu au programu yake ya simu, tafuta kujizima kwenyewe, uondoe. Kama sanduku halina nafasi hiyo, washa mkanda wa umande kidogo hata kama jangwani hakuna umande, ili mzigo upande.

Kuna kitu kimoja tunakipenda kwenye masanduku hayo: tundu la 12V la mengi yake hutoa volti 13 hivi zisizoshuka mpaka mwisho. Lakini lina kikomo, kwa kawaida ampea 10, na kamera yenye kipoozi pamoja na mikanda mitatu hukikaribia.

Kwa kiangazi cha Oman: usiliache ndani ya gari mchana. Lithiamu isichajiwe ikiwa juu ya nyuzi 45, na ikikaa wiki nyingi ikiwa imejaa katika joto huzeeka upesi. Ihifadhi ndani ya nyumba ikiwa na nusu ya chaji.

Ninaishi Unguja. Umande unafunika kioo saa mbili usiku, nawasha mikanda hadi mwisho, na betri inakwisha saa saba. Kamera yangu ina kipoozi, naiweka nyuzi 10 chini ya sifuri kama vitabu vinavyosema. Niongeze betri? (Msomaji, Zanzibar)

Punguza mzigo kwanza, dada. Pwani kuna usiku ambao hewa ina nyuzi 25 na umande huanza kwenye 23 au 24. Kioo cha darubini kinatazama anga tupu, kinatoa joto lake juu, na kinashuka nyuzi mbili au tatu chini ya hewa. Hapo ndipo kinalowa. Maana yake unahitaji kukipandisha nyuzi chache tu. Ukikichemsha, hewa iliyo mbele yake inachezacheza na nyota zinavimba kwenye picha.

Tengeneza bomba la kukinga umande kwa godoro jembamba la mazoezi: likunje kuzunguka mdomo wa darubini, urefu wake uwe mara moja na nusu ya kipenyo. Halitumii umeme, na usiku mwingine litatosha peke yake. Mkanda ufunge chini ya bomba hilo, karibu na kioo, kisha ufunike kwa nje na kipande kingine cha godoro, maana bila hivyo nusu ya joto inakwenda kuwapasha popo. Washa mapema, kabla ya kiza, ukiwa asilimia 30 au 40. Kioo kikishalowa, kukikausha kunakula umeme mwingi kuliko kukizuia. Kama darubini yako ni ya vioo vya kuakisi vilivyo ndani ya bomba, kioo kikubwa mara nyingi hakihitaji mkanda. Ni kile kidogo cha juu kinacholowa.

Kipoozi ndicho kinachokumaliza. Kamera nyingi za aina hiyo zinaweza kushuka nyuzi 35 hivi chini ya hewa, zikila hadi wati 36. Kutoka 26 hadi 10 chini ya sifuri ni nyuzi 36: unakiendesha kwa asilimia mia usiku kucha na bado hakifiki. Vitabu hivyo viliandikwa na watu wa nchi za baridi. Weka sifuri, au hata nyuzi 5 juu yake, na utaona kwenye programu nguvu ya kipoozi ikishuka sana. Picha zako za giza za kusahihishia zipige kwenye nyuzi hizohizo. Fanya hayo kwa usiku mmoja ukiwa na mita ya wati, halafu ndipo uulize bei ya betri.

Klabu yetu ya sayansi itapiga kambi usiku tatu karibu na Ziwa Magadi. Hakuna umeme. Tuna LiFePO4 ya 50Ah na tunatumia wati-saa 400 kila usiku. Tuje na paneli ya sola ya ukubwa gani, au tuchaji kwa gari? (Mwalimu, Kajiado)

Mwalimu, paneli ya wati 100 ikilazwa vizuri kwenye jua hukupa wati 70 za kweli. Joto la Magadi linaishusha, kwa sababu paneli ikipata moto hutoa volti chache. Kwa saa tano za jua kali hizo ni wati-saa 350, pungufu ya mnazotumia. Chukua wati 200, au mbili za 100, ili hata siku ya mawingu mpate kitu. Wanafunzi wazigeuze kufuata jua mara tatu kwa siku, na kivuli cha kamba tu ya hema kisipite juu yake. Kidhibiti cha chaji kiwe MPPT, aina inayotafuta yenyewe volti ambazo paneli hutoa nguvu nyingi zaidi, kiwekwe kwenye mpangilio wa lithiamu, volti 14.4, na ile hatua ya kusawazisha ya betri za maji izimwe, kwa kuwa hupandisha volti hadi bodi ya ulinzi ikakata. Betri yenyewe ikae kivulini.

Kwa gari, msiunge waya moja kwa moja kutoka betri ya gari. Lithiamu iliyokwisha huvuta umeme wote ambao altaneta inaweza kutoa, na gari likiwa limesimama linanguruma bila upepo, altaneta inaungua. Panahitajika chaja ya DC kwa DC ya ampea 20, ambayo katika saa mbili hurudisha 40Ah. Ni njia ya dharura nzuri, ila mafuta yana bei.

Magadi ina vumbi la magadi yenyewe. Linavuta unyevu na kula vichwa vya betri. Vipakeni grisi kidogo baada ya kukaza.

Nasafiri kwa ndege kwenda Luxor kwa kupatwa kwa jua tarehe 2 Agosti 2027. Naruhusiwa kubeba betri gani? (Msomaji, Nairobi)

Lithiamu isiyozidi wati-saa 100 unaibeba bila kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege, na mwisho ni mbili. Zaidi ya 160 haipandi ndege ya abiria. Zote huingia nawe ndani, kamwe si kwenye begi la mizigo, na vichwa vyake uvifunike kwa tepu. Mashirika mengine yana masharti makali zaidi, kwa hiyo uliza lako kabla ya kukata tiketi. Kwa hesabu hiyo, LiFePO4 ya 12.8V 7Ah yenye wati-saa 90 inapita. Ya 20Ah haipiti. Hakikisha wati-saa zimechapwa juu yake, maana askari wa uwanjani hatakaa kuzidisha.

Na huihitaji kubwa. Giza kamili Luxor litadumu zaidi ya dakika 6, na kuanzia mwezi kugusa jua hadi kuliachia ni chini ya saa tatu. Stendi ya wati 8 kwa saa nne pamoja na maandalizi ni wati-saa 32. Pawabanki ya 20,000mAh inatosha: hizo mAh huhesabiwa kwa 3.7V, hivyo ni wati-saa 74, na zikipandishwa hadi 12V hubaki 60 na kidogo. Tahadhari moja ya ununuzi: waya unaoiomba pawabanki itoe 12V kupitia USB-C hufanya kazi tu kama pawabanki inayo 12V kwenye orodha yake. Nyingi zina 5, 9, 15 na 20 tu. Soma maandishi madogo ya nyuma. Ukikosa 12V hapo, usiununue ule waya, kwa sababu baadhi ya pawabanki zitakupa 9 na stendi haitaamka. Agosti Luxor mchana hupita nyuzi 40, kwa hiyo iwekee kivuli.

Niko Minneapolis. Huku Januari ni nyuzi 15 chini ya sifuri. LiFePO4 itafanya kazi? (Msomaji, Marekani)

Kutoa umeme, ndiyo; nyingi zimeandikwa hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, ila utapoteza robo ya uwezo hivi, na grisi ya stendi ikigandamana mota nazo zitavuta zaidi. Iweke kwenye kisanduku cha kuhifadhia baridi, kile cha plastiki chenye povu, kikiwa kimefungwa. Hapa kinazuia baridi isiingie. Kuchaji ndiko kulikokatazwa chini ya sifuri: lithiamu hujipaka kama chuma juu ya bamba la ndani, na uwezo huo haurudi. Ukirudi nyumbani alfajiri, iache sebuleni hadi mchana, kisha ndipo uchomeke chaja.